Arudhi ya Bati: Uhakiki wa Sakafu ya Volkswagen Beetle

Gari la zamani husifiwa kwa yale yanayoonekana mtu akiwa amesimama: mviringo wa paa, bampa linalong'aa, taa, rangi. Sakafu haina wa kuisifu. Juu imefunikwa zulia, chini imepakwa lami, na mwenye gari huikumbuka siku anapokanyaga na kuhisi bati likibonyea chini ya kisigino. Hata hivyo, anayetaka kumpima fundi bodi asianze kwenye rangi. Ainame, aingie chini. Huko juu, puti na rangi huweza kusitiri kosa la umbo kwa miaka. Chini, lami ikishabanduliwa, hubaki umbo tupu: bati, mikunjo, matundu na maungio.

Uhakiki huu unaisoma sakafu moja, ya Volkswagen Beetle: kwanza jinsi ilivyotoka kiwandani, kisha katika namna tatu ambazo huzaliwa upya baada ya kuliwa na kutu. Hoja yangu ni kwamba sakafu iliyofuliwa kwa mkono, hata kama haifanani na ya kiwandani, yaweza kuwa na uaminifu mkubwa zaidi kwa umbo la asili kuliko nakala iliyobanwa kwa mashine. Sharti ni moja tu: fundi awe amejua mistari ipi ni ya lazima na ipi ni ya hiari.

Beetle linafaa kwa usomaji huu kwa sababu umbo lake halikubadilika sana katika maisha marefu. Lilibuniwa na Ferdinand Porsche katika miaka ya 1930, na la mwisho lilitoka kiwanda cha Puebla, Mexico, Julai 2003, likifunga hesabu ya magari 21,529,464. Kwetu nalo si mgeni: lilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962, kwenye barabara za vumbi na matope zilizoijaribu sakafu kuliko sehemu nyingine yoyote ya bodi. Yaliyosalia Mombasa, Tanga na Dar es Salaam yamepumua hewa ya chumvi kwa miongo. Kutu yake tunaifahamu.

Tuanze na muundo. Katika Morris Minor, Mini au Peugeot 404, sakafu na bodi ni kitu kimoja kilichochomelewa pamoja; ukikata sakafu umekata gari. Beetle limejengwa vingine. Katikati lina bomba pana la chuma, ambalo hapa nitaliita mgongo. Mbele, mgongo huishia kwenye kichwa kinachobeba ekseli. Nyuma hugawanyika pande mbili ili kukumbatia giaboksi. Kulia na kushoto mwa mgongo huchomelewa mabati mawili mapana, ambayo ndiyo sakafu yenyewe. Injini, usukani, pedali na magurudumu vyote hushikwa na umbo hilo la chini. Bodi huja mwisho, ikatua juu na kukazwa kwa bolti kuzunguka kingo, kati ya bodi na sakafu ukiwekwa mkanda wa mpira.

Muundo huu unajitegemea kiasi kwamba huweza kuendeshwa bila bodi. Bruce Meyers alilijua hilo huko California katika miaka ya 1960 alipounda gari lake, Meyers Manx: alichukua sakafu ya Beetle, akaifupisha kwa takriban sentimita 36, kisha akaiwekea bodi ya faibaglasi. Kwa mhakiki, tukio hilo ni ushahidi. Sakafu ilikatwa, ikafupishwa, ikavalishwa bodi ya gari jingine kabisa, na bado ikatembea. Basi uhai wake haukuwa katika kila mstari uliochorwa juu yake, bali katika mistari michache ambayo Meyers hakuthubutu kuigusa.

Ukiitazama sakafu kwa juu, utadhani pande zake mbili ni pacha. Kwa macho, ndiyo. Kwa kazi, hapana, na wa kwanza kuionyesha tofauti hiyo ni kutu. Kutu huhitaji chuma, maji na oksijeni, na chumvi huiharakisha. Haili popote tu; hula pale ambapo umbo limehifadhi unyevu. Katika Beetle, mara nyingi huanzia nyuma upande wa kulia, chini ya kiti, kwa sababu huko ndiko betri inakokaa. Maji yake yenye asidi yakimwagika, au mvuke wake ukitua, rangi hufa kwanza na bati hufuata. Halafu huja kingo za nje, ule mpaka wa sakafu na bodi, ambapo mkanda wa mpira uliozeeka huacha kuzuia maji na kuanza kuyashika. Halafu pembe za mbele, ambako viatu huleta matope. Mwisho huja kila mahali ambapo bati limelalia bati jingine, maana ufa mwembamba hunyonya maji na hauyaachii. Kutu nayo hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo huyasukuma mabati yaachane na kuyafungulia maji mengine njia.

Kwa maneno mengine, kabla fundi hajashika grinda, sakafu imekwisha kukaguliwa, na mashimo ndiyo ripoti. Fundi anayekata shimo na kuliziba bila kuuliza kwa nini limetokea hapo ameitupa ripoti hiyo. Atarudisha umbo lilelile lenye udhaifu uleule, nalo litaoza palepale.

Sasa tutazame mbavu, ile mifereji na matuta yaliyobanwa kwenye bati. Mtazamaji wa haraka huyachukulia kuwa mapambo. Chukua bati la milimita 1.2, upana wa nusu mita, lishike kwa ukingo mmoja: litalegea na kuning'inia. Libane ubavu wa kina cha milimita 6 kutoka upande mmoja hadi wa pili, ulishike tena: litasimama. Ugumu wa bati bapa dhidi ya kupinda hukua kwa mchemraba wa unene. Ukiongeza unene mara mbili, ugumu unaongezeka mara nane, lakini uzito nao umekuwa mara mbili. Ubavu hutoa ugumu wa namna hiyo bila kuongeza hata gramu moja, kwa kuwa unakipeleka chuma mbali na kitovu cha mpindo. Kwa hiyo ubavu ndio unaoruhusu sakafu iwe nyembamba na bado imbebe mtu.

Ubavu una mwelekeo, na mwelekeo huo ndio kauli yake. Hukaza bati kwa urefu wake, si kwa upana wake. Mbavu zinazokwenda toka mgongoni hadi ukingoni zinazuia sakafu isibonyee chini ya kiti; zinazokwenda mbele na nyuma zinazuia isikunjike gari linaporuka shimo. Ubavu una miisho pia. Katika kazi nzuri, ubavu haufiki ukingoni. Hufifia polepole kabla ya kufika, ukaacha ukanda bapa unaoweza kulala vizuri juu ya bati jingine na kuchomelewa. Ukikatika ghafla, mkazo hukusanyika pale ulipokatikia, na baada ya miaka ya mtikisiko ufa huanzia hapo. Namna ubavu unavyokwisha inatosha kukuambia kama aliyeufua alikuwa anaiga au anaelewa.

Hapa arudhi ya ushairi wetu wa kimapokeo, yaani kanuni zake za umbo, inatusaidia. Katika tarbia, idadi ya mishororo, mizani na vina havina mjadala. Ndani ya mipaka hiyo mshairi ana uhuru wake wa kuchagua maneno, taswira na mpangilio wa hoja. Anayevunja mizani ameharibu shairi hata kama maneno yake ni matamu, na anayenakili maneno ya mwenzake hajatunga kitu. Sakafu nayo ina mizani yake. Matundu ya bolti za bodi lazima yaangukie mahali pake. Reli za viti lazima ziwe sambamba, la sivyo kiti kitakwama au kuchomoka. Mahali pa kuwekea jeki lazima pabebe uzito wa gari. Ukingo wa ndani lazima ulale sawasawa kwenye mgongo. Hayo hayana hiari. Lakini idadi ya mbavu, umbo la miisho yake, kama ni za mviringo au za pembe, hayo ni maneno, si mizani. Yanaweza kubadilika, ilimradi mwelekeo na kina vifanye kazi ileile.

Kwa kipimo hicho tuzisome namna tatu za kuizaa upya sakafu.

Ya kwanza ni kiraka. Bati bapa hukatwa, hulazwa juu ya shimo, hupigwa ribiti au huchomelewa kuzunguka, kisha hufunikwa kwa lami. Sitaidharau. Imewafikisha watu wengi kazini mwisho wa mwezi ukiwa mbali, na fundi aliyelipwa nusu siku hawezi kudaiwa kazi ya wiki. Ila kama umbo, kiraka kinajipinga chenyewe. Kinaongeza tabaka pale ambapo kutu hustawi kwa sababu ya matabaka. Hakina ubavu, hivyo hubonyea na kurudi kwa mlio kila mguu unapokanyaga. Kimechomelewa kwenye bati lililokwisha kuliwa, na kwa hiyo nguvu ya weldi inaishia kwenye kitu kisicho na nguvu. Kosa lake kubwa ni lami ile ya juu, kwa kuwa inageuza matengenezo ya muda kuwa uongo wa kudumu: anayelinunua gari kesho haambiwi kwamba hapo pana kiraka.

Ya pili ni nakala ya kununua: nusu sakafu iliyobanwa kiwandani, kulia au kushoto, ikiwa na mbavu zake tayari. Sifa zake si ndogo. Inafika ikiwa na umbo kamili kwa macho, inaokoa siku nyingi za kazi, na mistari yake inafanana na ile ya picha za zamani. Udhaifu unaonekana ukiishika. Baadhi ya nakala zimetengenezwa kwa bati jembamba kuliko la asili, mbavu zake hazina kina, na matundu hayalingani na bodi iliyokwisha kulegea kwa nusu karne. Hapo fundi hujaribiwa kuivuta kwa nguvu, akakaza bolti hadi bati likubali. Likikubali kwa kulazimishwa, litaibeba nguvu hiyo ndani yake, na milango itaanza kugoma kufunga. Nakala inayo maneno yote ya shairi, ila mizani haijahesabiwa kwa gari hili lililo mbele yetu.

Ya tatu, ambayo ndiyo hasa mada yetu, ni sakafu inayofuliwa kwa ajili ya gari moja. Hii huanza kwa kupima. Kabla ya kukata, bodi hufungwa vyuma vya muda toka nguzo ya mlango hadi nguzo ya mlango, ili sakafu ikiondolewa umbo la juu lisianguke. Vipimo vya mshazari huchukuliwa toka pembe hadi pembe; mishazari miwili ikitofautiana, gari limepinda, na sakafu yoyote itakayowekwa itaufungia upindaji huo ndani. Upande mmoja hukatwa kwanza, wa pili ukabaki kama kumbukumbu. Kisha umbo huchukuliwa kwa kadibodi, ambayo hukatwa na kukunjwa mpaka ikae bila kusukumwa.

Likishahamishiwa kwenye bati, umbo hilo hudai utaratibu. Mbavu hutangulia, mikunjo ya kingo hufuata. Ubavu unapobanwa hunyang'anya chuma kutoka pembeni, na bati husinyaa kuelekea kwake. Kwa hiyo bati hukatwa kubwa kuliko kipimo. Ukizikunja kingo kwanza, umelifunga bati lisiweze kutoa chuma, nalo litajikunja na kupinda kwa hasira. Fundi makini hata hulinyoosha bati kwa nyundo kidogo pale ubavu utakapopita, ili ukibanwa usilivute bati lote. Mwenye mashine ya mkono hupitisha bati kati ya rola mbili, dume na jike. Asiye nayo huweka bati juu ya vyuma viwili vilivyoachana na kulipiga kwa patasi butu, pigo baada ya pigo, akirudi mwanzo kabla kina hakijatimia. Ustadi wa kufua bati namna hiyo umejaa Kamukunji, Nairobi, miongoni mwa mafundi ambao hawajawahi kugusa Beetle.

Ubavu wa mkono huonekana. Hauna ule ukali wa pembe wa kiwandani, na ukiutazama kwa mwanga wa pembeni utaona mawimbi madogo. Wapo watakaoliita hilo dosari. Mimi nauliza kwanza kama unapita pale mzigo ulipo, kama umefifia kabla ya ukingo, na kama kina chake ni kimoja toka mwanzo hadi mwisho. Ukijibu ndiyo mara tatu, mawimbi ni mwandiko wa fundi na hayapunguzi chochote.

Umbo hujaribiwa zaidi kwenye maungio. Kiwandani, mabati yalilaliana na kushikwa kwa nukta za weldi. Fundi huziondoa nukta hizo kwa kuzitoboa moja moja ili ukingo wa mgongo usiraruke, kisha hutoboa matundu kwenye bati jipya na kuyajaza weldi, na hivyo kurudisha mdundo uleule wa nukta na nafasi. Palipo bapa, anaweza kuchagua kuyakutanisha mabati ncha kwa ncha badala ya kuyalaza. Hilo linadai ukataji wa uangalifu mkubwa, lakini haliyaachii maji tabaka la kujificha. Kila uamuzi kati ya kulaza na kukutanisha ni uamuzi wa kimuundo, na kazi bora hutumia yote mawili, kila moja mahali pake.

Kisha kuna joto. Weldi ikipoa husinyaa, na mstari mrefu uliochomwa kwa mkupuo hulivuta bati zima likawa bakuli. Kwa hiyo huwekwa nukta moja huku, nyingine mbali kule, fundi akasubiri hadi mkono uweze kugusa, ndipo akajaza katikati. Joto hilo pia hulazimisha kuufikiria mgongo upya: ndani yake hupita fimbo ya gia, kebo za klachi na breki ya mkono, na bomba la petroli. Asiyeondoa petroli na kulikagua bomba hilo kabla ya kuchomelea hana nafasi ya kujadili umbo, maana anaweza asibaki na gari. Na anayetumia bati la kuezekea aondoe kwanza zinki pale atakapochoma. Moshi wake humletea mtu homa.

Sehemu moja ya umbo hili inahitaji kutetewa dhidi ya mafundi wetu wenyewe. Vizingiti vya milango vya Beetle, vinavyokaa juu ya ukingo wa sakafu, vina uwazi ndani. Viliwekwa kupitisha hewa ya moto toka kwenye injini ya nyuma hadi miguuni mwa dereva wa Ulaya wakati wa baridi. Dar es Salaam hakuna anayeiomba hewa hiyo, na ndiyo maana vikioza wengine huvifunga kwa ukanda bapa na kuendelea. Wamesoma kazi moja ya umbo na kuiruka ya pili. Sanduku lile tupu ndilo linaloshikilia nguzo ya mbele na ya nyuma ya mlango zisikaribiane, na bolti za sakafu huingia humo. Ukiliondoa, sakafu mpya, hata iwe nzuri kiasi gani, inakazwa kwenye kitu kisichoshika. Umbo linaweza kupoteza sababu iliyolizaa na bado likabeba mzigo.

Hukumu yangu sasa. Kiraka kinashindwa kwa sababu hakina muundo. Nakala ya kununua inafaulu inapopata fundi anayeipima upya kwa gari lake, na inashindwa inapochukuliwa kwamba kufanana kunatosha. Sakafu ya mkono ina hatari zote za mkono: fundi asiyejua mizani ataharibu zaidi kuliko mashine. Lakini ikishika mizani, inaweza kufanya jambo ambalo nakala haiwezi: kuurekebisha udhaifu ambao kutu iliuonyesha. Inaweza kuwekewa tundu la kutolea maji pale ambapo gari likiwa kwenye magurudumu yake ni chini kuliko kwingine, lenye kizibo cha mpira. Inaweza kuwekewa trei ya kukinga asidi chini ya betri. Wanaotaka kila mstari ubaki kama wa mwaka gari lilipotoka watalalamika, na kwa gari la makumbusho wana haki. Kwa gari la kutembelea, uaminifu kwa umbo ni kuitimiza kazi yake pale asili iliposhindwa.

Nina ombi moja la mwisho la kimtindo, nalo linahusu umaliziaji. Praima, silanti kwenye maungio, rangi, na nta ndani ya uwazi vinatosha. Lami nene haihitajiki. Ikipasuka hushika maji na kuyaficha machoni. Weldi za chini zisisagwe mpaka zipotee, kwani kusaga kupita kiasi hulikondesha bati, na alama za weldi zina msomaji. Waliolibuni Beetle waliikaza bodi kwa bolti badala ya kuichomelea, na kwa hiyo sakafu yake inaweza kutolewa na kubadilishwa. Sakafu mpya nayo itaoza siku moja, na fundi mwingine ataingia chini yake. Iliyo bora ni ile itakayomwonyesha, bila kumlazimisha kubahatisha, wapi pa kukata.